Kutafuta shahada ya kompyuta kati ya zamu mbili: shajara ya mradi

Jumapili, 2 Machi 2025

Ramadhani mosi imepita salama. Daku nimekula saa kumi na dakika ishirini, usingizi umegoma kurudi, basi nimefungua daftari jipya. Mradi huu nimeuahirisha miaka minne. Leo naupa tarehe: kabla ya katikati ya Julai, ambapo vyuo vingi vya Ujerumani hufunga maombi ya muhula wa Oktoba, niwe nimejua nitasomea wapi shahada ya kwanza ya kompyuta, kwa njia ya mtandao, bila kuacha kazi.

Hali yangu kwa ufupi, ili nikija kusoma hapa baadaye nisijidanganye. Miaka 34. Mzaliwa wa Tanga, mkaazi wa Hamburg, kibali cha kudumu. Muuguzi, zamu tatu, saa 38.5 kwa wiki. Binti mmoja wa miaka minane. Elimu: Kidato cha Nne, halafu mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu hapa hapa. Kwa nini kompyuta? Kwa sababu mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ukigoma wodini, hawaiti fundi, wananiita mimi. Nimechoka kuujua kwa kubahatisha.

Kigezo cha kwanza: nafuu. Cha pili: masomo yapindike kufuata zamu, si zamu kufuata masomo. Cha tatu: cheti kisinilazimishe kujieleza mbele ya mwajiri.

Jumamosi, 8 Machi

Jedwali limeanza kujaa. Nguzo nne: ada, lugha, ithibati, "inapinda?".

Open University ya Uingereza ndiyo niliyoisikia tangu utotoni. Ilipata hati yake ya kifalme 1969 na ikafundisha wanafunzi wa kwanza 1971, enzi ambazo "masafa" yalikuwa redio, televisheni na bahasha. Masomo yake yanasifika. Lakini shahada ni krediti (vipimo vya kazi ya masomo) 360 kwa hesabu yao, na kila 120 ni zaidi ya Pauni 7,000. Zidisha kwa tatu. Niliifunga kompyuta, nikafuturu, nikaifungua tena, bei haikuwa imebadilika. 

University of London wana shahada ya kompyuta ya mtandaoni, inasomwa kupitia jukwaa la Coursera, inasimamiwa kitaaluma na Goldsmiths, chuo kimojawapo ndani ya University of London. Ada inategemea nchi uliko, ila kwa shahada nzima inavuka Pauni 10,000. Kizuri chao: asiye na vyeti kamili anaweza kuanza na moduli za mwanzo, akifaulu anapokewa rasmi. Nimeweka alama ya nyota.

University of the People, cha Marekani, kilianzishwa 2009. Hakuna karo ya masomo. Unalipa ada ya mtihani kwa kila kozi, na kozi za shahada ni 40. Kwa mtu aliye Tanga ningesema aangalie kwanza hapo. Kwa mimi niliye Ujerumani, cheti cha nje kinaweza kunipeleka kwenye tathmini ya ulinganifu, ambayo nayo ina ada yake inayozidi Yuro 200 na foleni yake.

UNED ya Madrid na UOC ya Barcelona: Kihispania na Kikatalani. Kwaheri.

FernUniversität ya Hagen, hapa Ujerumani: chuo cha masafa cha serikali, cha tangu 1974, Kijerumani. Shahada nzima ya kompyuta haifiki Yuro 3,000. Niliandika namba hiyo na alama ya kuuliza pembeni, nikidhani nimesoma bei ya muhula.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikosea kitu kimoja: wiki iliyopita nilijaza fomu ya "pata kijitabu bure" ya chuo kimoja binafsi cha mtandaoni (jina nalihifadhi). Tangu hapo nimepigiwa simu mara tano. Ya leo niliipokea nikiwa chumba cha kubadilishia nguo. Kijana ana sauti ya asali. Yuro 289 kwa mwezi, miezi 48, na punguzo lake linakwisha Ijumaa.

Nikamuuliza: nikikwama miezi mitatu, mtoto akiugua, au nikipangiwa usiku mfululizo, ada inasimama? Akasema masomo yao yanapinda kabisa, naweza kusoma saa yoyote. Nikarudia swali. Akarudia jibu. Mara ya tatu ndipo akakiri kwamba kusimamisha kunaombwa kwa maandishi na kunaangaliwa kesi kwa kesi.

Nimerudi nyumbani nikasoma sheria yenyewe, maana huku kila kitu kina sheria. Masomo ya masafa yana yake tangu 1977. Unaweza kujitoa ndani ya siku 14. Baada ya hapo, unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu: mara ya kwanza mwisho wa nusu mwaka, ukitoa taarifa wiki sita kabla, baada ya nusu mwaka huo, wakati wowote kwa taarifa ya miezi mitatu. Kijana wa asali hakulitaja hata moja. Sidai chuo chake ni kibaya. Wako watu wodini kwetu waliosoma vyuo vya namna hiyo na wanafanya kazi nzuri. Lakini mtu anayeniwekea Ijumaa kama ukuta kwa jambo la miaka minne, simpi namba ya akaunti.

Nguzo ya "inapinda?" nimeifuta. Nimeandika mpya: "nikikwama, nani analipa?"

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia mjomba Korogwe. Yeye ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyesoma kwa masafa hadi mwisho: mwalimu wa shule ya msingi, akasoma sheria Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992. Mitihani alikuwa akishuka kuifanyia kituo cha Tanga mjini. Ilimchukua miaka tisa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Saumu vipi huko kwenye baridi?"

Nikamsomea jedwali lote, na bei zote. Akaguna tu. Nilipomaliza akasema, "Bei hizo sawa. Lakini mimi hakuna mwaka nilioshindwa kwa ada. Nilishindwa kwa muda. Mwaka wa nne mwalimu mkuu alinipa darasa la saba, nikapoteza mihula miwili mizima, na vitabu vipo mezani. We umeshapima una saa ngapi?"

Nikasema nitazipata. Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi. "Nami nilisema hivyo."

Mama naye alinyakua simu, yuko Korogwe kwa shughuli ya harusi. Anataka kujua kama hicho chuo cha kwenye kompyuta kitatoa cheti cha karatasi, cha kutia fremu. Nikamwambia ndiyo mama, cha karatasi. Akaridhika, mjadala kwake umefungwa.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya vizuizi. Kidato cha Nne hakinipi ruhusa ya moja kwa moja kuingia chuo kikuu hapa. Kuna hifadhidata ya serikali iitwayo anabin inayoonyesha vyeti vya nchi nyingine vinalingana na nini, na pia chuo gani cha nje kinatambulika; ukiona alama ya H+ basi chuo kinatambuliwa. Nimekaa humo saa mbili. Hifadhidata hiyo imebuniwa na mtu asiyependa wageni wake wabofye wanachokitafuta, lakini ni ya bure na ndiyo wanayoifungua waajiri wenyewe. Mwenye kulipia chuo cha mtandaoni bila kupita hapo kwanza ananunua mbuzi gizani.

Upande wa pili wa habari ni mzuri. Mafunzo yangu ya uuguzi na miaka yangu ya kazi vinafungua mlango mwingine: mtu mwenye taaluma anaruhusiwa kusoma hata bila cheti cha juu cha sekondari. Kwa kuwa uuguzi hauhusiani na kompyuta, Hagen ningeingia kwa kipindi cha majaribio: unasoma moduli zile zile, mitihani ile ile, ukikusanya krediti zinazotakiwa ndani ya muda, unakuwa mwanafunzi kamili. Na anayesitasita hata hapo anaweza kujiandikisha kama msikilizaji wa kozi mojamoja, bila sharti la cheti chochote.

Na zile Yuro chini ya 3,000? Ni za shahada nzima. Nimepiga simu kuhakikisha. Mama wa mapokezi alinijibu kwa uchovu wa mtu anayeulizwa hilo kila siku.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, kazi ianze. Swali la mjomba limenikera kiasi cha kulifanyia jaribio.

Chuo Kikuu cha Helsinki kinatoa bure kozi ya kuandika programu kwa lugha ya Python, sehemu 14. Sehemu saba za kwanza ni utangulizi, krediti tano za Ulaya. Si video za kusinzilia: mazoezi ni mamia, unaandika, mashine inakusahihisha papo hapo na haina huruma. Wafini huhesabu krediti moja kuwa saa 27 za kazi, kwa hiyo utangulizi ni takriban saa 135. Nitasoma wiki sita kuanzia Jumatatu, na kila nikikaa nitawasha saa ya simu, kila nikiinuka nitaizima. Kupika huku nikiwaza mazoezi hakuhesabiki.

Jumatatu, 19 Mei

Matokeo. Wiki ya kwanza saa 12. Ya pili 14, nikajiona bingwa. Ya tatu 6, zamu za usiku nne mfululizo. Nilikuwa nasoma mstari mmoja wa programu mara tatu na kuona herufi tu. Ya nne 15. Ya tano 8, binti alikuwa na homa. Ya sita 13.

Jumla 68. Wastani saa 11 na dakika ishirini kwa wiki. Nimefika katikati ya sehemu ya nne kati ya saba, yaani nusu ya utangulizi kwa nusu ya saa walizosema Wafini. Hesabu yao ni ya kweli kabisa, na hili ndilo lililoniuma, maana nilitumaini mimi ningekuwa mwepesi kuliko jedwali lao.

Sasa hesabu ya mradi mzima. Shahada ya kwanza ya Ulaya ni krediti zisizopungua 180. Ujerumani huhesabu krediti moja hadi saa 30. Hizo ni saa 5,400. Kwa mwendo wangu wa 11.3, bila kupumzika hata wiki moja, bila Idi, bila kwenda Tanga: miaka tisa na ushee. Miaka ya mjomba ile ile, kama tumerithishana.

Mpango wa nusu-muda wa Hagen ni mihula 12, miaka sita. Krediti 15 kwa muhula, saa 450, ukigawa kwa wiki 26 unapata saa 17 na kitu kila wiki. Napungukiwa saa sita. Nimetafuta saa hizo kila mahali: kwenye treni ya S3 (natumia tayari), kwenye usingizi (wiki ya tatu imenijibu), kwa binti (hapana). Hazipo. Zimekaa hospitalini, zina mwajiri, na mwajiri analipia.

Miezi miwili na nusu nilikuwa nalinganisha ada za vyuo. Nilikuwa napima bei ya sufuria wakati unga haupo.

Jumapili, 1 Juni

Nimekaa na karatasi za mshahara. Nikishuka kutoka saa 38.5 hadi 30 kwa wiki, mfukoni napungukiwa karibu Yuro 460 kwa mwezi. Kwa mwaka 5,520. Hiyo ndiyo ada ya kweli ya shahada hii, na haiandikwi kwenye kijitabu cha chuo chochote. Miezi sita tu ya saa zilizopunguzwa inakaribia kumeza ada yote ya Hagen.

Nikaligeuza jedwali. Zile Pauni 21,000 na ushee za Open University zingeninunulia saa zangu kwa zaidi ya miaka minne. Yuro 289 za kijana wa asali ni zaidi ya nusu ya Yuro 460. Yaani chuo nafuu si kile kinachoniachia fedha benki. Ni kile kinachoniachia fedha za kununulia Jumanne asubuhi.

Uamuzi: Hagen. Sababu zimo humu kwenye daftari, lakini niandike na hofu. Lugha: Kijerumani cha wodini nakiweza, Kijerumani cha uthibitisho wa hisabati ni mnyama mwingine. Mitihani: mingine ni mtandaoni, mingine ni ya kukaa ukumbini kwenye miji kadhaa. Upweke: wenzangu wa darasa watakuwa majina kwenye skrini. University of London nimeiacha kwa masikitiko kidogo. Kwa Kiingereza ningeanza kwa kasi zaidi, na mtu aliye nchi isiyo na chuo cha masafa cha serikali angekuwa na sababu ya kuichagua kabla ya hiki changu.

Rafiki yangu wa Mombasa aliyeko Eindhoven amenicheka, eti nimezunguka dunia nzima nikaishia kilomita 300 kutoka nyumbani.

Alhamisi, 26 Juni

Ombi la kupunguza saa limekwenda kwa barua pepe, siku nne kabla ya mwisho. Hapa kuna kipengele ambacho wenzangu wengi wa zamu hawakijui: tangu Januari 2019, mwenye zaidi ya miezi sita kazini, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 45, ana haki ya kupunguza saa kwa muda maalumu, kati ya mwaka mmoja na mitano, kisha akarudi kwenye saa zake za zamani. Unaomba miezi mitatu kabla. Nataka Oktoba mosi, kwa hiyo mwisho ni mwezi huu. Nimeomba miaka miwili. Kuna tofauti kubwa kati ya hii na kuomba nusu-muda wa kawaida: ule wa kawaida ukiingia, kurudi kwenye saa kamili hakuna uhakika.

Msimamizi wa wodi amelisoma mbele yangu. Akauliza nani atashughulikia mfumo ukigoma siku nisizokuwepo. Nikamwambia fundi, dada. Hakucheka.

Jumatano, 9 Julai

Saa zimekubaliwa. Usajili wa Hagen wa muhula wa Oktoba uko wazi kuanzia 1 Juni hadi 31 Julai, nami nimetuma leo: cheti cha uuguzi, barua ya mwajiri ya miaka ya kazi, kitambulisho. Kipindi cha majaribio, nusu-muda, moduli moja tu kwa kuanzia, misingi ya hisabati, krediti 10. Kanuni inaniruhusu zaidi. Saa yangu ya simu hainiruhusu.

Jambo la kodi, nimeambiwa na mwenzangu wa famasi na nimelihakiki: kwa kuwa nina taaluma ya kwanza tayari, gharama za masomo ya pili yanayolenga kazi naweza kuziandika kama gharama za kupatia kipato: ada, vitabu, sehemu ya kompyuta, nauli ya kwenda mtihani. Ingekuwa haya ndiyo masomo yangu ya kwanza, ningewekwa kwenye fungu lingine lenye kikomo cha Yuro 6,000 kwa mwaka, na lisilobebwa kwenda mwaka unaofuata. Risiti zote sasa zinaingia kwenye bati la biskuti.

Jumamosi, 4 Oktoba

Muhula umeanza Jumatano. Vitini viko mezani. Ukurasa wa nane nimeusoma siku mbili. Wanaandika "ni dhahiri kwamba" mahali ambapo si dhahiri hata kidogo.

Jumapili, 2 Novemba

Ripoti ya mwezi wa kwanza, kwa ajili yangu na mjomba aliyeiagiza.

Saa: 16, 18, 11, 17. Ile 11 ni wiki niliyomshikia mwenzangu zamu mbili, kosa langu, nilishindwa kusema hapana. Siku mpya ya mapumziko, Jumanne, ndiyo inayobeba karibu theluthi ya saa zote: binti yuko shule, simu iko jikoni, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana mimi si muuguzi wa mtu.

Kazi ya kwanza ya kutuma imerudi: 52 kwa 100. Nimepoteza alama nyingi kwenye aina ya uthibitisho wa hisabati iitwayo induksheni (kutoka n kwenda n+1), si kwa kutoelewa bali kwa kuandika nilichoelewa kwa sentensi za ripoti ya wodi: "mgonjwa n ni thabiti, kwa hiyo n+1 pia." Msahihishaji ameandika pembeni, kwa kalamu ya kielektroniki, "kwa nini?" Mara nne.

Kuna kundi la wanafunzi sita tunaokutana kwa video Alhamisi usiku. Dereva wa lori, mama wa mapacha, mstaafu wa posta wa miaka 67 ambaye anatupita wote kwenye matriki. Nikiwa zamu ya jioni nakosa, wananiwekea picha za ubao.

Nimemtumia mjomba hizo namba za saa. Amejibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma yake: "Hiyo kumi na moja, mama, usiirudie."

Wiki ijayo: zamu za usiku Jumatano hadi Jumamosi. Nimehamishia saa sita kwenye Jumatatu. Matriki, kitini cha pili, ukurasa wa 31.